Miparachichi ya bondeni imeungua na baridi, ya mlimani imesalimika: nini sababu?

Mkulima_Uwemba (chapisho la 1)

Habari za jioni, wanajukwaa.

Nalima miparachichi ya Hass wilayani Njombe, katika shamba lenye vipande viwili. Kimoja kiko bondeni karibu na kijito, kingine kiko juu ya mteremko huo huo, upande wa barabara. Miche ilitoka kitalu kimoja, ilipandwa msimu mmoja, na imekuwa ikipata samadi ile ile. Mwezi huu wa Julai, baada ya usiku kadhaa wa anga kavu lisilo na wingu wala upepo, majani ya juu ya miti ya bondeni yamegeuka kahawia kana kwamba yamebabuliwa na moto, na machipukizi yote yamekuwa meusi. Miti ya mlimani haijaguswa hata kidogo.

Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, miti ya juu ndiyo iliyopaswa kuungua kwanza. Aliyeniuzia miche alinihakikishia kwamba Hass inavumilia baridi ya Njombe bila tatizo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kilichotokea, na kama miti hii yenye asili ya nchi za joto ina kiwango maalumu cha baridi ambacho ikikivuka hufa. Je, nikate matawi yaliyoungua sasa au nisubiri?

Bwana_Shamba_Mstaafu (chapisho la 2)

Pole sana, ndugu. Hesabu ya nyuzi 6 kwa mita 1,000 ni sahihi, lakini ni ya hewa iliyochanganyika vizuri, kama mchana au usiku wenye upepo. Usiku mtulivu wa anga wazi una kanuni nyingine. Ardhi na majani hupoteza joto kwa kulirusha moja kwa moja angani, kwa kuwa hakuna wingu la kulirudisha. Hewa inayogusa ardhi hiyo hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito kuliko ya joto, hivyo huteremka polepole kufuata mteremko hadi ikutane na bonde, ambako hutuama. Ukipanda mita chache kutoka bondeni unaingia katika hewa yenye joto zaidi. Ndiyo maana wazee wa Mufindi na Njombe hawakujenga nyumba zao chini kabisa ya bonde, wala hawakupanda migomba huko.

Kwa maoni yangu jibu la swali lako ni hilo. Miti ya mlimani ilikuwa ndani ya hewa tofauti kabisa na ya bondeni, ingawa umbali kati yao unaweza kuwa mdogo.

Mwana_Makete (chapisho la 3)

Naunga mkono chapisho la 2, na ninaongeza swali kwa mleta uzi. Je, upande wa chini wa kipande cha bondeni kuna mianzi ya ulanzi au ukanda wa mikaratusi? Ukanda mnene wa miti ukiwa chini ya shamba huizuia hewa baridi isiendelee na safari yake, ikajaa shambani. Huku kwetu kuna watu waliofyeka sehemu ya mianzi ili kuipa hewa njia ya kutokea, na shamba likapata nafuu. Ukanda huo huo ukiwa juu ya shamba hufanya kazi kinyume chake, kwa maana unaikinga hewa ya mlimani isishuke.

Dada_Kitalu (chapisho la 4)

Salamu kwenu. Mimi naotesha na kubebesha miche ya maparachichi, na nadhani tunakimbilia hewa kabla ya kuuliza mti wenyewe ni wa namna gani.

Maparachichi yana jamii tatu za asili. Ya kwanza ilitoka nyanda za juu za Mexico. Majani yake ukiyafikicha hunukia kama shamari, na mti uliokomaa unaweza kuvumilia hadi nyuzi 6 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Ya pili ilitoka milima ya Guatemala, nayo huvumilia nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri. Ya tatu ni ya maeneo tambarare yenye joto ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, ambayo huanza kuumia hata kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri. Miparachichi mingi ya kienyeji ya ukanda wa Pwani ina damu ya jamii hii ya tatu.

Sasa, mche wa Hass ni miti miwili katika mmoja: kikonyo cha Hass juu na shina la kienyeji chini. Wenye vitalu hukusanya mbegu za kienyeji sokoni bila kujua zimetoka wapi. Miche mia iliyotoka kitalu kimoja inaweza kuwa na mashina ya asili tofauti kabisa, na shina huchangia namna mti unavyostahimili baridi na unavyopona baada ya kuungua. Kwa hiyo maneno "kitalu kimoja" hayatoshi kuthibitisha kwamba miti ilikuwa sawa.

Mtafiti_Kijana (chapisho la 5)

Hass si ilitoka Mexico? Kama ndivyo, basi inapaswa kuvumilia hadi nyuzi 6 chini ya sifuri kwa mujibu wa chapisho la 4, na maelezo ya aliyeuza miche ni sahihi.

Dada_Kitalu (chapisho la 6)

Hapana, ndugu yangu. Hass ilizaliwa California, katika shamba la Rudolph Hass huko La Habra Heights, kutokana na mbegu aliyoipanda miaka ya 1920, na hataza yake ilitolewa mwaka 1935. Asili yake ni mchanganyiko wa jamii ya Guatemala na ya Mexico. Majani na machipukizi yake huanza kuungua kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri ikiwa hali hiyo itadumu saa kadhaa, na mche mchanga huumia kabla ya hapo.

Inayosifika zaidi kwa baridi ni Fuerte, ambayo vikonyo vyake vilipelekwa California kutoka Atlixco, Mexico, mwaka 1911. Januari 1913 California ilipata baridi kali iliyoangamiza miparachichi mingi, na miti michanga ya aina hiyo ikasalimika. Ndiyo sababu ikaenea na kutawala soko kwa miongo kadhaa kabla ya Hass kuipita.

Mkulima_Kinangop (chapisho la 7)

Hamjambo, ndugu zetu wa Tanzania. Nasoma kutoka Kenya na kuna jambo linalonishangaza katika uzi huu. Ninyi mnaungua Julai. Sisi mwezi Julai tunavaa makoti, tunawasha jiko la makaa mchana kutwa, na bado miti haiungui. Miezi inayotuumiza ni Januari na Februari, wakati mchana jua ni kali. Januari 2012 sakitu, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, na haikuwa msimu wa baridi kwa maana ya kawaida.

Nadhani hoja ya chapisho la 2 kuhusu anga wazi ndiyo inayoeleza jambo hili. Julai yetu imefunikwa na mawingu ya chini na manyunyu, hivyo usiku hauna tofauti kubwa na mchana. Januari anga ni kavu, na joto lote la mchana hutoroka usiku. Kwenu, kiangazi na kipupwe huja pamoja, ndiyo maana Juni hadi Agosti huwaumiza. Kwa hiyo anayesema "mti huu unavumilia baridi" anapaswa kwanza kueleza ni baridi ipi, ya mawingu au ya nyota.

Mama_Tukuyu (chapisho la 8)

Chapisho la 7 limenisaidia sana. Huku Rungwe tuna mvua na ukungu karibu mwaka mzima, na miparachichi yetu haiungui, ingawa mgeni akija kutoka Dar es Salaam mwezi wa sita hulala na mablanketi mawili. Nilikuwa nikidhani ni kwa sababu tuko chini kidogo kuliko Njombe, na bila shaka hilo nalo limo, ila ukungu ni blanketi la kweli.

Mkulima_Uwemba (chapisho la 9)

Nashukuru sana kwa majibu. Naomba nitoe maelezo ya ziada. Kwa Mwana_Makete: ndiyo, chini ya kipande cha bondeni kuna mianzi ya ulanzi ya jirani yangu, mnene sana. Kwa Dada_Kitalu: sijui mashina yalitoka wapi. Hata hivyo, karibu miti yote ya bondeni imeungua na hakuna hata mmoja wa mlimani ulioungua. Kama tatizo lingekuwa mashina, naona ingeungua michache huku na michache kule.

Lipo jingine linalonitatiza. Udongo wa bondeni ni mbichi mwaka mzima. Nimewahi kusoma kwamba udongo wenye maji huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Kama ndivyo, bondeni palipaswa kuwa na nafuu.

Fundi_Umwagiliaji (chapisho la 10)

Umesoma sahihi, lakini umesahau kutuambia juu ya udongo huo kuna nini. Udongo mbichi ulio wazi, ulioshindiliwa na usio na magugu, hupokea jua mchana na kutoa joto usiku. Udongo ule ule ukifunikwa kwa matandazo ya nyasi hauoni jua, na joto lililomo halipati njia ya kupanda hadi kwenye majani. Je, umeweka matandazo?

Mkulima_Uwemba (chapisho la 11)

Nimeweka matandazo mazito bondeni, kama tulivyoshauriwa kwenye mafunzo. Mlimani sikuwa na nyasi za kutosha.

Fundi_Umwagiliaji (chapisho la 12)

Basi hiyo inaweza kuwa sababu yako. Matandazo ni mazuri kwa unyevu na kwa mizizi, na siwashauri watu wayaache, lakini katika miezi ya sakitu yasogezwe pembeni na udongo ubaki wazi chini ya mti.

Bwana_Shamba_Mstaafu (chapisho la 13)

Ndugu Fundi, naheshimu hoja yako, ila usiipe uzito kupita kiasi. Tofauti kati ya udongo wazi na uliofunikwa kwa kawaida ni nyuzi moja au mbili hivi, nayo huonekana zaidi karibu na ardhi. Kwa mche mdogo nyuzi moja inaweza kuwa uhai wake. Kwa mti uliozidi kimo cha mtu, ulioungua juu kama alivyoeleza mleta uzi, naona hewa iliyotuama ina nguvu zaidi.

Mpanda_Mizizi (chapisho la 14)

Naomba niwapinge nyote kwa heshima. Mmesikia maneno "udongo mbichi mwaka mzima" na mkapita. Mparachichi hauvumilii mizizi iliyozama majini. Hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na vimelea vya udongoni viitwavyo Phytophthora. Hata ule mti mama wa Hass tuliotajiwa katika chapisho la 6 ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa huo, si kwa baridi. Mti ulioozeshwa mizizi hauwezi kupandisha maji, majani yake hunyauka, na usiku mmoja wa baridi humalizia kazi iliyokwisha kuanza. Inawezekana kabisa kwamba baridi inasingiziwa hapa.

Chimba taratibu kando ya shina, sentimita chache tu, utafute mizizi midogo. Ikiwa myeupe na migumu, mti ni mzima. Ikiwa myeusi na inavunjika kwa urahisi, basi kufyeka mianzi ya jirani hakutakusaidia chochote.

Dada_Kitalu (chapisho la 15)

Hoja ya chapisho la 14 ni nzito na inapaswa kuchunguzwa, ila dalili alizoeleza mleta uzi hazifanani na za kuoza mizizi peke yake. Ugonjwa huo huja polepole: majani hupungua ukubwa, hupauka, na matawi ya juu hubaki matupu kwa miezi. Baridi huunguza kwa usiku mmoja, na majani yaliyoungua hubaki yameshikilia tawi kwa muda. Lakini hakuna kinachozuia mti kuwa na yote mawili.

Mswahili_Houston (chapisho la 16)

Nawasalimu kutoka Texas. Februari 2021 tulipata hapa baridi ambayo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatukuwahi kuifikiria. Houston ilishuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na kusini zaidi, katika bonde la Rio Grande, mashamba ya michungwa na mibalungi yaliharibika vibaya.

Niliyoyaona katika bustani za majirani yanaweza kuwasaidia. Migomba yote ilikufa juu ya ardhi, lakini mingi ilichipua tena kutoka kwenye kitunguu chake chini ya udongo. Miembe na mipapai haikurudi. Michungwa ilitegemea shina: mingi ilikufa hadi chini ya pale ilipobebeshwa, kisha kukachipua shina lenye miiba mirefu na majani yenye vijani vitatu vitatu. Hilo ni chungwa-miiba la Asia Mashariki, ambalo hutumika kama shina kwa sababu linavumilia baridi kuliko jamaa zake wote. Mwenye bustani huufurahia mti kwa kudhani umepona, kumbe matunda yatakayokuja ni machungu na hayaliki. Kwa hiyo mleta uzi, machipukizi yakitokea, angalia yanatokea juu au chini ya kovu la kubebesha.

Katika jamii ya michungwa yenyewe, ndimu ndiyo dhaifu kabisa kwa baridi, limau hufuata, kisha chungwa, kisha chenza.

Mkulima_Kinangop (chapisho la 17)

Asante, ndugu wa Houston. Je, ni kweli kwamba huko Marekani wakulima humwagia miti maji usiku wa sakitu ili kuikinga? Jambo hili limezungumzwa hapa kijijini na tulishindwa kuelewa maji yanayoganda yanawezaje kuleta joto.

Fundi_Umwagiliaji (chapisho la 18)

Ni kweli, na Florida hufanya hivyo kwa michungwa na stroberi. Kilo moja ya maji ikiganda hutoa kilojuli 334 za joto, na joto hilo huliweka jani karibu na sifuri hata kama hewa imeshuka zaidi. Kwa jani la mparachichi, sifuri si kifo.

Lakini nawasihi msiijaribu njia hii bila kujipanga. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 2,500, yaani zaidi ya mara saba ya lile joto lililotolewa na kuganda. Ukimwaga maji machache, au ukaacha katikati ya usiku kwa sababu tenki limekwisha, au upepo mkavu ukavuma, utakuwa umeuongezea mti baridi. Maji yakianza lazima yaendelee hadi barafu iyeyuke asubuhi. Kwa mkulima mwenye pampu ndogo na kijito chembamba, ni afadhali kulowanisha udongo mchana wa siku ya kabla kuliko kunyunyizia majani usiku.

Mwana_Makete (chapisho la 19)

Na moshi je? Wazee wetu huchoma majani mabichi usiku ili moshi ulale juu ya shamba.

Bwana_Shamba_Mstaafu (chapisho la 20)

Moshi wenyewe hausaidii kiasi watu wanavyodhani, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini. Kinachosaidia kidogo ni moto. Hata hapo, moto mmoja mkubwa hutoboa hewa na kupanda juu na joto lake. Vimoto vidogo vingi vilivyotawanyika ndivyo vyenye faida. Na moshi ukibaki asubuhi huchelewesha jua kuipasha ardhi joto.

Mwalimu_Lushoto (chapisho la 21)

Naleta sababu ambayo haijatajwa. Mteremko wa shamba lako unaelekea wapi? Mimea ya nchi za joto huumizwa si na baridi peke yake, bali na mwanga mkali unaoikuta ikiwa bado baridi. Jani lililopoa haliwezi kuutumia mwanga kujitengenezea chakula, na mwanga huo usiotumika huharibu mitambo ya ndani ya jani. Ndiyo maana migomba inayopigwa na jua mara linapochomoza huonekana kuumia kuliko iliyo kwenye kivuli hadi saa tatu asubuhi, ingawa usiku ilipata baridi ile ile.

Tena tutofautishe mambo mawili ambayo uzi huu unayachanganya. Lipo dhara la kuganda, ambapo maji nje ya seli huwa barafu na kuivuta maji seli hadi inakauka. Lipo pia dhara la ubaridi usiofikia kuganda, ambalo huipata mimea ya joto hata kwenye nyuzi 10 juu ya sifuri, kwa kuwa ngozi za seli zake hupoteza ulaini. Ndizi ikihifadhiwa chini ya nyuzi 13 huwa na ganda jeusi, na hakuna barafu iliyoigusa.

Mrombo_Halisi (chapisho la 22)

Mwalimu amesema kweli kuhusu migomba. Kilimanjaro migomba yetu hustawi hadi mita 1,800 hivi, lakini kadiri unavyopanda, mkungu huchukua miezi mingi zaidi kukomaa. Na baridi ikizidi wakati mkungu unataka kutoka, hukwama kooni mwa mgomba na kutoka ukiwa umejikunja. Mgomba unaonekana mzima, majani ni ya kijani, lakini ndizi za mbege hakuna.

Mwana_Kyela (chapisho la 23)

Ndugu zangu wa milimani, sisi wa Kyela tunawasikitikia. Karibuni mle maembe huku ziwani, tuko mita 500 na kitu tu. Lakini nina swali la dhati: shemeji yangu aliye Makambako alipanda mbegu ya embe la kwetu. Mti umekuwa mkubwa na unatoa maua mengi kila mwaka kuliko hata ya kwetu, ila matunda yote hudondoka yakiwa madogo. Mti haujawahi kuungua. Kwa nini?

Mwalimu_Lushoto (chapisho la 24)

Ndugu wa Kyela, kutambia wenzako maembe si vizuri wakati wao wana viazi mbatata na wewe huna! Kuhusu swali lako, mwembe huchochewa kutoa maua na usiku wenye ubaridi chini ya nyuzi 15 hivi, kwa hiyo Makambako unapata kichocheo hicho kwa wingi. Tatizo ni kwamba ubaridi ule ule ukiendelea wakati wa uchavushaji, chavua hupoteza nguvu na kijusi cha mbegu hufa, hivyo tunda hudondoka au hubaki dogo lisilo na kokwa.

Dada_Kitalu (chapisho la 25)

Kabla ya kulaumu chavua, shemeji aangalie kama maua yana unga mweupe. Ubwiri unga hupenda sana usiku wa baridi na mchana mkavu, na huangusha vitunda vichanga kwa namna hiyo hiyo. Dawa ya salfa ikipigwa mapema, na matunda yakashika, tutajua chavua haikuwa na kosa.

Jambo hili lipo pia kwenye maparachichi. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa la kike na mara ya pili la kiume, na baridi huvuruga ratiba hiyo. Fuerte, niliyoisifu katika chapisho la 6 kwa kustahimili sakitu, huvurugwa zaidi kuliko Hass wakati wa maua. Unaweza kuwa na mti usioungua kamwe na usiozaa vizuri. Kwa hiyo mnaponiuliza "ni aina gani inavumilia baridi", ninalazimika kuuliza kama mnataka mti au mnataka tunda.

Mpwa_wa_Maskati (chapisho la 26)

Kwa faida ya wasomaji: hapa Oman watu walikwisha kujipanga kufuata jambo hili tangu zamani. Miembe, midimu na mitende iko chini, uwanda wa Batina. Ukipanda Jabal Akhdar, kwenye mita 2,000 ambako majira ya baridi hufika sifuri, unakuta mikomamanga, miaprikoti na mijozi kwenye matuta, miti inayopukutisha majani na kulala baridi ikija. Hakuna anayehangaika kupandisha mwembe kule.

Mtafiti_Kijana (chapisho la 27)

Mnataja nyuzi nyingi, lakini mleta uzi hajatuambia usiku ule ulikuwa na nyuzi ngapi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulionyesha kiwango gani?

Bwana_Shamba_Mstaafu (chapisho la 28)

Ni swali zuri, ila tahadhari. Mamlaka hutoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka kwa Juni hadi Agosti, na ni vyema kuufuata. Lakini kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kibanda chenye kivuli, zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na kituo mara nyingi kiko mahali pa wazi, si bondeni kwa mtu. Usiku wa anga wazi, jani lenyewe huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi moja hadi tatu. Kituo kinaweza kuandika nyuzi 3 juu ya sifuri huku nyasi za bondeni zimeganda. Mleta uzi atundike kipimajoto kimoja bondeni na kingine mlimani, kwa kimo kile kile, avisome kabla ya jua kuchomoza.

Mkulima_Uwemba (chapisho la 29)

Nimefanya nilivyoelekezwa. Asubuhi ya leo bondeni palikuwa chini ya sifuri na mlimani palikuwa juu ya sifuri. Tofauti ilikuwa zaidi ya nyuzi 3. Mteremko unaelekea mashariki, hivyo jua huanza kuupiga mlimani kabla ya bondeni, jambo ambalo naona linapingana na hoja ya Mwalimu. Nilichimba pia mizizi ya miti michache. Ya miti miwili iliyo karibu kabisa na kijito ni myeusi. Mingine ni myeupe, na bado majani yake yameungua.

Mwalimu_Lushoto (chapisho la 30)

Halipingani moja kwa moja. Mlimani jua lilikuta majani yenye joto zaidi. Jaribio la haki lingekuwa miti miwili ya bondeni, mmoja uliokingwa na kivuli asubuhi.

Mpanda_Mizizi (chapisho la 31)

Na miti miwili yenye mizizi myeusi inatosha kunifanya nisiondoe hoja yangu. Chimba mfereji wa kutoa maji kabla ya mvua za Novemba.

Dada_Kitalu (chapisho la 32)

Swali la kupogoa halijajibiwa. Usikate sasa. Majani yaliyokufa yanayakinga yaliyo chini yake, na ukikata utachochea machipukizi laini ilhali usiku wa baridi bado upo hadi Agosti. Subiri mti wenyewe uonyeshe mpaka kati ya mbao iliyokufa na iliyo hai, ambao utauona wazi mvua zikianza. Kwa sasa paka shina na matawi makubwa yaliyobaki wazi chokaa nyeupe, kwa kuwa ganda la mparachichi lisilo na majani huunguzwa na jua. Usitie samadi wala mbolea ya naitrojeni mpaka baridi iishe. Na niulize: msimu huu samadi uliiweka mwezi gani?

Mkulima_Uwemba (chapisho la 33)

Mwezi wa tano, vipande vyote viwili.

Dada_Kitalu (chapisho la 34)

Umechelewa kwa eneo lako. Bondeni, penye unyevu, mti uliweza kuitumia na kutoa chipukizi laini Juni. Mlimani palikuwa pakavu na samadi ikalala tu. Hiyo ni sababu nyingine inayoweza kueleza tofauti uliyoiona.

Mwana_Makete (chapisho la 35)

Kwa namna yoyote, kipande cha bondeni kiachie miti inayolala wakati wa baridi: matofaa, plamu, pichi. Miparachichi yote ipeleke juu.

Mkulima_Kinangop (chapisho la 36)

Kwa hilo sikubali haraka, ndugu wa Makete. Mti uliolala hauungui, ni kweli, lakini pichi na plamu huamka mapema, na ua lililofunguka hufa kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri sawa na jani la Hass. Ikichanua Agosti katika bonde lile lile lililojaa hewa iliyotuama, atapata miti mizuri isiyo na matunda. Tofaa huchelewa kuchanua kuliko hizo mbili, kwa hiyo kama ni lazima apande kitu bondeni, aanze na tofaa, na kabla ya hapo azungumze na jirani kuhusu mianzi.